Mchikichi ni wa Nani?

Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji wakaingia Tanzania. Huku nyuma wengine wakapewa mashamba yao ya michikichi. Baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 wengi walirejea, wakakuta wageni wamekuwa wenyeji: wamepanda, wamezaa, wamezika. Je, haki i upande wa nani? Aliyekimbia hakuiacha ardhi kwa hiari. Aliyepewa, pengine, hakupora. Twaona kwamba miaka haihalalishi dhuluma, wala dhuluma haifutwi kwa dhuluma nyingine. Basi deni ni la dola iliyogawa: imrudishie wa kwanza shamba, na wa pili impatie pa kuishi. Kwao mtu ni pale ambapo hatafukuzwa tena.