Ndugu Wawili na Shamba la Mizabibu



Katika Luka 12:13–15 twasoma habari za mtu aliyemtaka Bwana Yesu amwamuru ndugu yake kugawana naye urithi. Bwana alikataa kuwa mgawanyaji wao. Akawaonya watu wote juu ya tamaa ya mali. Ili tulielewe onyo hilo, na tutazame jamaa moja iliyofanikiwa sana.

Cesare Mondavi na mkewe Rosa walitoka Italia, wakahamia Marekani, hata wakakaa California, na Cesare akafanya biashara ya zabibu. Mwaka 1943 jamaa hiyo ilinunua kiwanda cha divai kiitwacho Charles Krug, katika bonde la Napa, kwa dola 75,000. Wana wawili walishirikiana: Robert, aliye mkubwa, aliuza divai, Peter, mdogo wake, aliitengeneza.

Baba alifariki mwaka 1959. Robert alimnunulia mkewe koti la manyoya la bei kubwa, na mwaka 1965 Peter akamshutumu kwamba ametumia mali ya kampuni. Maneno yakawa makonde. Koti ndilo lililoonekana, lakini ndani mlikuwa na uchungu wa siku nyingi, kama chachu katika pipa lililozibwa.

Robert akatolewa kiwandani, na mwaka 1966 akajenga kiwanda chake huko Oakville. Kazi ikastawi. Akashirikiana na Baron Philippe de Rothschild wa Ufaransa, wakatoa divai ya Opus One, ambayo mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1979. Jina la Mondavi likajulikana ulimwenguni. Lakini ndugu hao walikuwa wameshtakiana mahakamani, hata mwaka 1976 hakimu akampa Robert ushindi. Tena mwaka 2004 kampuni ya Robert iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1,000, ikatoka mikononi mwa jamaa yake.

Hatusemi kwamba hiyo ilikuwa adhabu. Hukumu ni ya Mungu. Twatazama neno lililofuata. Mwaka 2005 wale wazee wawili, wenye miaka 90 na zaidi, walitoa divai waliyoitengeneza pamoja, nusu kwa zabibu za huyu na nusu kwa zabibu za huyu. Wakaiita kwa Kiitalia Ancora Una Volta, yaani Mara Moja Tena. Ikauzwa kwa zaidi ya dola 400,000 katika mnada wa kusaidia wahitaji.

Lilikuwa pipa moja tu! Je, katika miaka 40 wangalijaza mapipa mangapi pamoja? Robert alifariki mwaka 2008, na Peter mwaka 2016.

Basi, ndugu msomaji, labda wewe huna kiwanda. Lakini je, hakuna shamba la baba, au mpaka, au ng'ombe wa mahari, aliyekutenga na ndugu yako? Nawe, mwalimu, uwafundishaye watoto ombi la tano la Sala ya Bwana, je, u tayari kusamehe kama uombavyo kusamehewa? Bwana anatuagiza katika Mathayo 5:23–24 kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kupatana kwanza. Usingoje uzee. Mwendee ndugu yako kabla ya Jumapili ijayo, wala usimpelekee mjumbe.

Mungu na atupe neema hiyo, kwa ajili ya Yesu Kristo aliyetupatanisha naye. Amina.