Nani Mwenye Sikio la Nyumba?

Spika janja ni spika yenye maiki na kompyuta ndogo ndani yake: huitwa kwa jina, husikiliza amri, kisha hujibu kwa sauti au huwasha taa. Tangu Amazon ilipotoa Echo mwaka 2014, nyingi zimefanya kazi kwa kupeleka sauti ya mwenye nyumba kwenye seva za mbali. Mwaka 2019 ilibainika kwamba baadhi ya rekodi zilizonaswa na mitambo ya Amazon na Apple zilisikilizwa na watu walioajiriwa kuiboresha. Basi likazuka swali: neno lililosemwa chumbani ni la nani, na nani ana ruhusa ya kulisikia?

Dini zilikwisha kuligusa. Surat an-Nur, aya ya 27, inawaagiza waumini wasiingie nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Kutoka Ivuna, katika bonde la Rukwa, hadi Lamu, Mkristo na Mwislamu hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, na asipojibiwa huondoka. Kinacholindwa na hodi si kuta; ni maneno na hali za waliomo ndani. Spika hupiga hodi mara moja tu, siku inaponunuliwa, na haipigi tena. Mgeni anayekuja baadaye haulizwi kamwe.

Je, chombo hicho kinasikia kweli? Zaburi ya 115 inazisema sanamu zenye masikio yasiyosikia. Descartes, mwaka 1637, alikubali kwamba mashine inaweza kutoa maneno, lakini akakana kwamba inaweza kuyapanga ili kujibu maana ya kila linalosemwa mbele yake. Kabla ya kuitwa, spika hulinganisha tu mawimbi ya sauti na jina lake. Hakuna anayeelewa humo, hivyo hakuna mwenye dhambi humo. Wa kuulizwa ni binadamu aliye mwisho wa waya.

Ivuna inajua maana ya kitu kuondoka nyumbani, kama sauti inavyoondoka kwenda kwenye seva. Tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia hapo kimondo ambacho kimelipa jina kundi zima la vimondo, CI, ambamo herufi I ni ya Ivuna. Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile la London lilipata kipande chake, na anayetaka kukichunguza hukiomba huko. Sayansi imefaidika sana, nalo si jambo dogo. Lakini jiwe halikuwa siri ya mtu. Sauti ya mama akimwombea mwanawe ni siri, na haifai kusafiri bila yeye kujua.

Ndiyo maana kujiundia spika kwa programu huria kuna uzito wa kimaadili. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, maiki na spika ya kawaida vinatosha kuanzia. openWakeWord hutambua jina la kuitia, Whisper, iliyotolewa mwaka 2022, hugeuza usemi kuwa maandishi, Home Assistant hutekeleza amri, na Piper, yenye sauti ya Kiswahili cha Kongo, hujibu. Zikishawekwa, zote zinaweza kufanya kazi bila intaneti, kwa umeme wa jua. Kasoro ipo: Whisper ndogo, inayoingia katika kompyuta ndogo, hukosea sana Kiswahili, na Kinyamwanga, lugha ya mpakani mwa Tanzania na Zambia, haikufunzwa kabisa. Dawa inaonekana katika Common Voice ya Mozilla, ambako wasemaji wa Kiswahili hutoa sauti zao kwa hiari ili zitumiwe na yeyote. Hiyo ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali.

Hata hivyo, sikio likirudi nyumbani linapata bwana mwingine: aliyeliunda. Home Assistant inaweza kupangwa ihifadhi rekodi za amri, na mume akajua mke aliuliza nini mchana. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya maskani yake, lakini hakuna askari anayekaa sebuleni. Aliyeunda chombo anawajibika kutohifadhi rekodi, kuweka swichi inayokata umeme wa maiki, na kumwambia mgeni kabla hajaketi. Mgeni anaweza kukataa. Dada wa kazi hawezi kwa urahisi, kwa kuwa mshahara wake uko mikononi mwa anayemwomba ruhusa; idhini yake haitoshi kuhalalisha jambo. Chumba anacholala kisiwekwe maiki, hata akisema hana neno.