Jina Kwenye Kichwa cha Gita

Mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, jina la mtu ni maelezo. Akiitwa Kambale, Mnande yeyote anajua, hata kabla mgeni hajaketi, kwamba huyo ni mtoto wa kiume wa pili. Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne. Jina hilo lina walinzi: mama aliyezaa na majirani wanaojua kuhesabu. Sasa Kambale anaingia dukani kuitafutia korali yake gita la besi. Anainua macho kwenye kichwa cha gita, pale penye funguo za kukazia nyuzi, anasoma: Fender. Jina hili nalo linadai ukoo, ila gita limefika peke yake, bila mama. Likiwa la kughushi, je, gita limesema uongo? Na linafaa kupigwa kanisani?

Swali ni zito kwa sababu pesa ni za sadaka.

Kwanza umbo litenganishwe na jina. Fundi Leo Fender alitoa besi yake ya Precision huko California mwaka 1951, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Viwanda vya Asia vimechonga miili yenye mikunjo ile ile kwa miongo mingi, na kampuni ya Fender ilipoomba umbo la Precision lisajiliwe kuwa alama yake pekee, bodi ya alama za biashara ya Marekani ilikataa mwaka 2009. Umbo lilikwisha kuwa la wote. Nakala inayobeba jina lake yenyewe haimdhulumu mtu. Wizi uko kwenye jina.

Mapadri wa Asumpsio, walioanza kazi Beni mwaka 1929, hufuata kanuni ya Mtakatifu Augustino, na Mwafrika huyo wa Thagaste alilikabili jambo hili karne kumi na sita zilizopita. Katika kitabu chake cha mazungumzo na nafsi yake aliona kwamba farasi wa kuchorwa hawezi kuwa picha ya kweli asipokuwa farasi wa uongo. Baadaye, akiandika juu ya uongo wenyewe, aliuweka katika nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho ubao hauna hatia. Uzi mnene wa besi ukitetemeka mara 41 kwa sekunde, mtetemo huo ni wa kweli, na zaburi inayouegemea haipungukiwi kitu.

Lakini nia ilikuwapo mahali fulani. Wafanyabiashara wa Butembo huagiza mizigo Guangzhou na Dubai. Kontena hushuka Mombasa, hupita Uganda na kuingilia Kasindi. Mwenye duka huenda naye alidanganywa. Uongo unaweza kusafiri njia hiyo yote bila mtu hata mmoja kuufahamu, mpaka ufike mikononi mwa mpiga besi anayejua.

Naye hujua kwa vidole na macho. Hutazama shingo kwa jicho moja, kama seremala anayekagua ubao, aone kama imepinda. Hukagua mshono wa shingo na mwili, huuliza kama kile chuma cha ndani ya shingo bado kinageuka. Namba ya kiwandani huisoma, lakini haitegemei, maana anayeghushi jina hashindwi kughushi namba. Wala haamini spika ndogo ya dukani: haiwezi kutoa sauti nzito, kwa hiyo huficha ubaya na uzuri pia. Akishajua, ukimya wake una uzito. Korali ikiipiga besi ile, sawa. Ikiiuza Beni mwakani jina likiwa palepale, bila kusema neno, uongo wa kiwanda cha mbali umekuwa wa korali. Jina likwanguliwe, au litajwe waziwazi kuwa si lake.

Kuna upande wa pili, mgumu zaidi. Katika mitumba besi halisi huja imejaa vumbi, na muuzaji asijue ameshika nini. Katika kitabu cha 13 cha *Utatu*, Augustino anamkumbuka mtu aliyeuziwa kitabu kwa bei ya kutupa na muuzaji asiyejua thamani yake. Mtu yule akalipa bei ya haki, kubwa kuliko aliyoombwa. Augustino hakutaja kitabu kipi wala kiasi gani.

Mtu yule, hata hivyo, alilipa kutoka mfukoni mwake. Kambale, akikuta besi ya namna hiyo, ameshika pesa za kina mama wanaouza mihogo na vijana wa bodaboda, na ukarimu atakaoufanya dukani atakuwa ameufanya kwa jasho lao. Hawezi kuongeza dola hata moja kabla ya kuwauliza. Itabidi asubiri mazoezi ya Jumamosi, awaeleze wote alichokiona chini ya vumbi, na huenda wakati huo besi imeshachukuliwa na mwingine.