Kiti cha Mzee Uwanjani

Tangu Aprili 2016, Zanzibar huwalipa Pencheni Jamii wazee waliotimiza miaka 70. Ni haki njema. Lakini fedha haibishi hodi jioni. Mzee aliyefiwa na wenzake wa barazani hukosa kitu kisichonunulika: mtu wa kubishana naye.

Klabu ya mtaani inaweza kumrejeshea hicho. Siku ya mechi, gari ya wachezaji imwekee nafasi. Je, huo utakuwa wema? Hautakuwa, iwapo atachukuliwa na kurudishwa kama mzigo. Na aulizwe magoli ambayo vijana hawakuyaona. Akosoe, apingwe, ashinde hoja. Kwani mtu hatoki upwekeni kwa kuhurumiwa, hutoka kwa kuhitajiwa.