Hivi na Usubi Aliumbwa na Mungu?



Swali la leo sikulitoa darasani. Niliulizwa nikiwa napanda mlima, nahema, nimeshajipiga makofi shingoni mara hamsini hivi kwa sababu ya usubi. Na nililijibu vibaya. Hoja zenyewe zilikuwa sawa, hata mwalimu wangu wa metafizikia angenipa alama. Nililijibu vibaya kwa namna nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Ilikuwa Juni, likizo, niko nyumbani Mahenge. Kwa wasiopajua: ukitoka Ifakara unavuka mto Kilombero, siku hizi kwa daraja, unakata tambarare, halafu barabara inaanza kupanda milimani na masikio yanaziba. Juni kwetu asubuhi ni baridi. Mvua zimeisha lakini vijito bado vinashuka kwa kasi kwenye mawe. Tulikuwa sita: watatu wa VIWAWA, binamu yangu, fundi pikipiki mmoja niliyesoma naye shule ya msingi, na mimi. Wa saba alikuwa mbwa wa jirani, anaitwa Bosi. Hakualikwa na mtu. Aliona tumebeba chapati akajiunga na msafara, na kila tulipomfukuza alikaa chini akatutazama kama mtu anayesubiri wenzake wamalize utani.

Mpango ulikuwa kufuata mgongo wa mlima mpaka mahali unapoliona bonde lote la Kilombero. Lakini kwanza tulipaswa kuvuka kijito, na pale ndipo walipo usubi. Wewe wa mjini unayedhani mbu ndiye mkorofi, njoo kwetu. Usubi ni kadudu keusi, kadogo kuliko nzi, kana kakibyongo mgongoni. Hakapigi kelele sikioni. Unashtuka tu una tone la damu mguuni, na baadaye panavimba na kuwasha siku nzima. Kanauma mchana kweupe. Anayeuma ni jike peke yake, maana anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Mayai huyataga kwenye maji yanayokimbia, na watoto wake hujishika kwenye mawe wakichuja chakula majini.

Bosi aliteseka kuliko sisi. Walimwingia tumboni pasipo na manyoya na puani. Akawa anabweka hewani, anajing'ata, anajitupa kwenye majani. Hapo dada mmoja wa VIWAWA, tuliyekuwa tunapokezana naye kubeba dumu la maji, akaniuliza: "Frateri, hivi na usubi aliumbwa na Mungu? Naye Mungu alimwangalia akaona ni mwema?"

Wote wakacheka. Mimi nikafurahi, maana hili nililisoma! Nikaanza. Nikawaambia kisa anachosimulia Agustino akihubiri juu ya Injili ya Yohane. Mkatoliki mmoja alikuwa anasumbuliwa na nzi. Akaja Mmanikei akamwuliza nani kawaumba hao. Yule bwana kwa hasira hakutaka kusema ni Mungu, akasema ni shetani. Mmanikei akamsogeza taratibu: kama nzi ni wa shetani, je nyuki, ambaye kamzidi kidogo tu? Kutoka nyuki akampeleka kwa nzige, kutoka nzige kwa mjusi, akaja ndege, kondoo, ng'ombe, tembo, na mwishowe binadamu. Maskini yule, kwa sababu ya kuwashwa na nzi, akajikuta amekiri kwamba mtu aliumbwa na shetani.

Nikaendelea. Tomaso wa Akwino, akimfuata Agustino huyohuyo, anasema mtu asiyejua ufundi akiingia karakana ataona vyuma vingine havina kazi, na akijikata atasema ni vibaya, wakati fundi anajua kila kimoja ni cha nini. Watoto wa usubi ni chakula cha samaki. Ubaya si kitu kinachosimama chenyewe, ni upungufu wa wema mahali unapotakiwa kuwapo. Fundi pikipiki akasema mfano wa karakana ameuelewa sana. Binamu yangu akataka kujua kama ni dhambi kuua usubi, nikamsimulia Makario wa Aleksandria, mmonaki wa Misri, ambaye aliua mbu aliyemuuma, akajuta, akajipa kitubio cha kukaa miezi sita uchi kwenye vinamasi mpaka akarudi amevimba na watu wakamtambua kwa sauti tu. Wakacheka tena. Jamani, nilijiona.

Yule dada hakucheka. Alisubiri nimalize, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mdogo wangu alianguka motoni Februari. Kile kifafa. Hospitali walisema kwa huku kinaenda na usubi."

Nilikuwa najua. Hapo ndipo panaponiuma. Sikujua habari za moto, lakini nimezaliwa Mahenge, sina haki ya kujifanya mgeni. Usubi huyu anabeba vijidudu vya minyoo. Minyoo mikubwa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi miaka mingi, na vitoto vyake husambaa mwilini, vikaleta muwasho usioisha na, vikifika machoni, upofu. Bibi yangu mzaa baba alikufa haoni. Na wataalamu wameona kwa miaka mingi kwamba penye ugonjwa wa usubi kwa wingi, kifafa nacho huwa kingi. Mahenge ni mojawapo ya mahali palipofanya dunia ilijue jambo hilo, tangu daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kliniki ya wagonjwa wa kifafa hapa miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu wa kwetu anapouliza kama Mungu aliumba usubi, hafanyi mzaha wa watalii. Mimi niliusikia kama mzaha kwa sababu nilitaka kujibu.

Tukapanda kimya. Huko juu upepo ni mkali na usubi hawafiki, bonde likafunguka chini yetu, mto unang'aa kama waya. Watu wakapiga picha. Mimi nilikaa na mbwa.

Tangu siku ile nimelifikiria sana jambo hili, na sitaki mwelewe kwamba nimeitupa falsafa. Agustino bado yuko sawa. Ukimpa shetani usubi kwa sababu anauma, hutajua pa kusimama, na mwisho utampa na mtoto mwenye kifafa. Tena hilo si la kufikirika tu: wako watu kwetu wanaosema mgonjwa wa kifafa ana shetani. Njia ya yule Mmanikei tunaipita mpaka leo, tena wengine wetu tukiwa na rozari shingoni. Ni lazima mtu aseme kwa sauti kwamba usubi ni kiumbe na mtoto ni kiumbe na shetani hana kiwanda. Katekisimu nayo inatufundisha kwamba Mungu alipenda kuumba ulimwengu ulio safarini, haujafika, na ndani yake yenye kujenga yanakaa pamoja na yenye kubomoa. Naliamini hilo.

Ila kuna maswali mawili na mimi niliyachanganya. Moja ni kwa nini usubi yupo. Hilo karakana inalijibu, angalau nusu. La pili ni kwa nini mtoto yule aliungua. Nilipoliuliza hili la pili kwa makini niliona kwamba si usubi aliyemsukuma motoni. Mtoto alianguka jikoni akiwa peke yake, dawa za kifafa zilikuwa zimekwisha wiki mbili na nauli ya kufuata nyingine haikuwapo, na mtu wa kwanza kufika aliogopa kumgusa. Aliogopa mate. Kwetu wengi bado wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate ya aliyeanguka. Si kweli.

Naomba niseme na langu. Nikiwa darasa la nne, niliyekaa naye dawati moja alianguka. Nilikuwa nimemshika mkono tunachora ramani ya Tanzania. Nikamwachia, nikaruka dirishani. Alijigonga kwenye kona ya dawati akapasuka juu ya jicho. Hakuna aliyeniadhibu, kila mtu alikimbia. Kesho yake niliomba kuhamishwa dawati nikahamishwa. Sikuwahi kuliungama mpaka likizo ile, maana sikujua liite dhambi gani. Nilikuwa mtoto, niliogopa. Lakini nilipokuwa natoa hotuba yangu ya nzi na tembo kule kijitoni nilifanya kitu kilekile, nikiwa mtu mzima. Niliruka dirishani kwa Kilatini.

Someni Ayubu. Rafiki zake wanapofika wanakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hakuna anayewalaumu kwa hizo siku saba. Lawama inaanza wanapofungua mdomo. Na Mungu anapojibu kutoka katika tufani, hampi Ayubu sababu. Anamwonyesha wanyama wa porini wasio na faida kwa mtu, na mvua inayonyesha jangwani pasipo na mkulima. Zamani nilidhani hilo ni jibu la kukwepa. Siku hizi nadhani kumwambia mtu mwenye vidonda kwamba ulimwengu ni mkubwa kuliko vidonda vyake ni neno analoweza kulisema Mungu peke yake. Elifazi akilisema linakuwa tusi, na mimi pale kijitoni sikuwa Mungu. Yesu mwenyewe, alipoulizwa habari za kipofu wa kuzaliwa kwamba ni nani aliyetenda dhambi, alilikataa swali lilivyoulizwa, kisha akatema mate chini akafanya tope.

Na hapa nina kishawishi. Dawa ya ugonjwa wa usubi, ivermectin, asili yake ni kijidudu kilichopatikana kwenye udongo wa Japani, na waliohusika, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Udongo na upofu! Mhubiri yeyote angeruka juu ya mfano huo. Mimi nauacha, kwa sababu bibi yangu hakuupata udongo huo kwa wakati. Kampuni inayoitengeneza ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure. Dawa haiui minyoo mikubwa, inaua vitoto vyake, kwa hiyo inabidi imezwe tena na tena, miaka mingi, na kila mtu. Ndipo penye shida. Mmoja hamezi kwa sababu alivimba mwaka jana, mwingine amesikia inaondoa uzazi, mwingine yuko shambani siku mgawa dawa anapopita.

Tuliposhuka, yule dada hakusema tena habari ya Mungu. Tulivuka kijito mbio. Upande wa pili alikaa akamvuta Bosi miguuni mwake, akaanza kumtoa kupe masikioni mmoja mmoja, na nzi waliobaki akawafukuza kwa khanga. Mbwa alitulia kama yuko kanisani. Alipomaliza aliniambia, "Frateri, Jumapili ijayo ni wiki ya kingatiba. Paroko amekubali mtu aseme baada ya Komunyo. Useme wewe, wewe wanakusikiliza." Nikamwuliza niseme nini. "Sema wameze. Na sema kifafa hakiambukizi."

Nilisema dakika tatu. Nilitaja na dirisha. Kuna mzee alitoka nje nikiwa naongea, sijui kwa nini.

Jumatano nikafika kwao na mgawa dawa. Huwa hakuna mizani. Unasimama kwenye kijiti chenye alama, na urefu wako unasema umeze kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Mdogo wake ni mvulana wa miaka kumi na moja, mkono wa kushoto vidole viwili vimeshikana kwa kovu. Alinipa ule mkono na mimi nikaupokea. Tulikaa kwenye mkeka, hatukuzungumza jambo la maana. Akapimwa, akapewa viwili, akameza. Kisha akamwita Bosi, ambaye kama kawaida alikuwa amenifuata, akamsimamisha kwa miguu ya nyuma kwenye kijiti huku amemshika kwapani. Mgawa dawa akainama akaangalia kwa makini kabisa, akasema huyu bado, mpaka mwakani.