Nilisema Kilikuwa Kitamu

Wiki hii nataka tuongee juu ya chakula, na simaanishi chakula cha kiroho.

Jumanne ya juzi nilitoka Emali saa nane mchana, sijatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Nikashuka hapa Kiboko nikaingia hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa. Sitaitaja. Ni ile ambayo ukipata mgeni kutoka Nairobi unampeleka, na madereva wa malori wamejaa hapo kila saa, ama walikuwa wakijaa. Nikaagiza nusu kilo ya mbuzi, ugali na kachumbari. Nikangoja dakika arobaini. Nyama iliyokuja ilikuwa ya jana, imepashwa moto mpaka ikakauka, na sehemu kubwa ilikuwa mifupa. Ugali ulikuwa na unga mbichi katikati. Kachumbari peke yake haikuwa na shida, nyanya zetu za hapa mtoni. Na hicho chakula nilikuwa nimeshakiombea, macho yamefungwa, watu wa meza zingine wakiniangalia.

Msichana alipoleta maji ya kunawa akaniuliza, "Pasta, chakula kilikuwa sawa?" Nikamjibu, "Kilikuwa kitamu, Mungu akubariki." Nikalipa kwa simu, nikaenda zangu.

Kufikia Jumatano jioni nilikuwa nimewaambia watu sita kwamba ile hoteli imeisha. Nimewahesabu. Halafu kwenye mkutano wa vijana nikafanya mzaha, nikasema yule mbuzi alizaliwa wakati reli ya zamani ikijengwa. Vijana walicheka sana. Nami nilifurahi walivyocheka.

Usiku huo nilikuwa natayarisha somo katika Mambo ya Walawi sura ya 19, na si kwa sababu ya nyama. Wengi wetu tunaijua sura hiyo kwa mstari wa 18, ule wa kumpenda jirani kama nafsi yako. Lakini rudi nyuma mistari miwili uone unatanguliwa na nini. Wa 16 unakataza kuzunguka na maneno ya watu. Wa 17 unakataza kumchukia ndugu yako moyoni, na unakuamuru umwambie kosa lake mwenyewe, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Ndipo upendo unatajwa. Mimi nilikuwa nimevunja wa 16 na wa 17 kwa sahani moja ya nyama, na katikati nikaweka uongo wenye baraka juu yake.

Sasa kuna mtu atasema, Pasta, si tumefundishwa kushukuru? Wana wa Israeli walinung'unikia mana, wakakumbuka samaki wa Misri na matango na vitunguu, na Mungu akakasirika. Ni kweli, iko katika Hesabu 11. Lakini angalia walivyofanya. Kila mtu alilia mlangoni kwa hema lake, na jamaa yake. Halafu songa mbele katika kitabu hicho hicho hadi sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi. Hao pia walikuwa na lalamiko, tena zito, la urithi wa baba yao. Hawakulilia hemani. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakasema neno lao, na Mungu akasema wana haki. Jambo linaweza kuwa la kweli pande zote mbili. Tofauti ni ulilipeleka wapi.

Na kushukuru? Nilimshukuru Mungu, na shukrani hiyo siirudishi. Yeye hakukosea kwa mbuzi wala kwa mahindi. Kumshukuru Mungu kwa mvua hakumfanyi fundi aliyeezeka paa linalovuja kuwa fundi mzuri.

Kuna jambo lingine lililonisumbua. Sisi Wakamba, na Waafrika wengi, tumelelewa kwamba mgeni hasemi chakula ni kibaya. Ukipewa muthokoi kwa shangazi na haukuiva vizuri, unakula na unasema asante. Hiyo ni adabu, siiondoi. Hapo Makindu tuna hekalu la Masingasinga, lilijengwa 1926, na mpaka leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, anakaribishwa kula bila kulipa. Mtu akitoka hapo akilalamika kwamba dengu haikuwa na chumvi, huyo ana shida ya moyo. Amepewa. Lakini mimi sikupewa. Niliuziwa. Sura ile ile ya 19, karibu na mwisho, inadai mizani ya haki. Anayeuza ana deni kwa anayenunua, na nilipoichukua adabu ya mgeni nikaitumia kama mnunuzi, sikuwa mpole. Nilikuwa naogopa tu kuonekana pasta mgumu.

Chuoni, nikisoma biashara, tulifundishwa kwamba mteja anayelalamika bado anakupenda. Anayekuumiza ni yule anayetabasamu na harudi. Nilipita mtihani huo vizuri.

Basi Ijumaa nikarudi. Si kwa msichana, maana yeye hapiki wala hanunui nyama, na neno langu lingeweza kumfukuzisha kazi. Nilimtafuta mama mwenyewe, tukakaa nyuma karibu na mapipa ya maji, nikamwambia yote, hata ule mzaha wa vijana. Huo ndio ulikuwa mgumu kuliko nyama.

Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema mpishi wake wa zamani aliondoka mwezi wa pili. Kisha akaniambia hivi: "Pasta, mimi nimekuwa nikisema ni treni." Mnajua treni ya abiria ya SGR ilianza 2017, inasimama Emali na Kibwezi, sisi inatupita tu. Biashara nyingi za barabarani ziliumia kweli. Kwa hivyo wateja walipozidi kupungua mwaka huu, huyu mama alilaumu treni. Alikuwa ameanza kufikiria kufunga. Watu wote hao wamekula, wamesema asante, wameondoka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba ni jikoni.

Alinirudishia nusu ya pesa, nikakataa, akanilazimisha chai. Ilikuwa chai nzuri, na safari hii sikuwa nadanganya. Halafu akaniuliza, "Na wewe, wanaokushika mkono mlangoni Jumapili wakisema neno lilikuwa tamu, unawaamini?"

Nikamwomba aniambie ukweli kuhusu Jumapili iliyopita. Akasema saa moja na robo ni nyingi kwa mama aliyeacha sufuria motoni, na ule mfano wangu wa soko la hisa hakuna aliyeuelewa pale alipokuwa ameketi. Nimeuondoa. Kuhusu ile saa moja na robo, bado tunazungumza.