Toleo la Draiva na Maana ya Kumiliki

Draiva ya kadi ya waifai ni programu inayounganisha mfumo endeshi wa laptopu na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio. Kadi nyingi huhitaji pia fimwea, yaani programu inayofanya kazi ndani ya kadi yenyewe. Zote hutoka kwa matoleo. Swali la nani achague toleo ni la kiufundi kwa sura tu; undani wake ni swali la falsafa: kumiliki kitu ni nini?

Mwaka 1961 mwanafalsafa wa sheria A. M. Honoré alieleza kwamba umiliki si haki moja, bali ni mkusanyiko wa mambo 11. Miongoni mwake mna haki ya kutumia kitu, haki ya kuamua kitumikeje, na wajibu wa kutokitumia kwa madhara ya wengine. Kwa mnunuzi wa laptopu, haki ya kwanza haina utata. Ya pili ndiyo inayopimwa pale sasisho linapokuja na waifai ikaanza kukatika.

Mifumo mingi humwachia mtumiaji njia ya kurudi nyuma. Windows ina kitufe cha kurejesha draiva iliyotangulia, mradi nakala yake bado imehifadhiwa. Usambazaji mwingi wa Linux hubakiza kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani, nayo huweza kuchaguliwa kompyuta inapowashwa. Draiva ya Linux ya kadi za Intel hutafuta fimwea kuanzia namba kubwa zaidi ya toleo inayoifahamu, na ikiikosa hushuka. Toleo la zamani likishafutwa, haki ya kuamua hubaki jina tu.

Hata hivyo, haki hiyo ina mpaka. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro ya KRACK katika WPA2, itifaki ya usalama wa waifai, iliyoweza kumpa mtu aliye karibu mwanya wa kusoma baadhi ya mawasiliano. Marekebisho yaliingia katika mifumo endeshi na, kwa baadhi ya kadi, katika draiva zenyewe. Anayeng'ang'ania toleo lenye kasoro kwa sababu lina kasi huhatarisha pia siri za anaowasiliana nao. Hapo wajibu wa kutodhuru hushinda uhuru wa kuchagua.

Linabaki tatizo la ujuzi. Fimwea nyingi hutolewa bila msimbo wake, hivyo mwenye mashine huchagua kati ya namba asizoweza kuchunguza maana yake. Richard Stallman, aliyeanzisha harakati za programu huru mwaka 1983, huona programu ya namna hiyo kuwa dhuluma kwa mtumiaji. Mradi wa Debian, unaotengeneza usambazaji wa Linux, ulijikuta kati ya ahadi mbili za mkataba wake wa mwaka 1997: kuwatumikia watumiaji na kulinda programu huru. Bila fimwea isiyo huru, watu wengi walishindwa kuunganisha waifai wakati wa kusakinisha. Kwa kura ya mwaka 2022, wanachama waliruhusu fimwea isiyo huru katika nakala rasmi za usakinishaji, kwa sharti kwamba mtumiaji aarifiwe na, inapowezekana, apewe njia ya kuizima.

Uamuzi huo haukuifungua fimwea, ila ulitenganisha ridhaa na ujuzi kamili. Mtu anaweza kuridhia asichokielewa chote na bado akawa mmiliki, ilimradi anajua kipo, anaweza kukikataa, na njia ya kurudi nyuma haijafungwa.